Maji ya Ukuta

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili alasiri, mwanzo wa mwaka 2013

Nakiru mwanangu,

Umevuka mto kwenda kumuaga bibi yako, na mimi namjua bibi yako. Hatakuachia mpaka umekunywa chai mara mbili na umetemewa mate ya baraka kwenye paji la uso. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kivuli cha ukuta wako, daftari langu la zamani la masomo ya ngumbaru liko magotini, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuiandika. Kiturkana najua kukisema tu, na nikikisema na wewe mara nyingi huwa nakugombeza.

Sitakuandikia habari za kula mapema, kufua nguo, wala kutotembea gizani. Shangazi zako wamekujaza hayo mpaka masikioni. Sitakuambia ujihadhari na wavulana pia. Nimekuona ukishika mwiko, na nadhani wavulana ndio wajihadhari. Nataka kukuambia kwamba ninakustahi sana, mwanangu. Si kwamba nakupenda tu, hilo hata mbuzi wetu wanalijua. Ninakustahi. Mdomo wangu unashindwa kulisema nikikutazama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka jana chifu alipotangaza kwamba chuo cha ufundi kinachukua vijana wa kike na wa kiume, nilikutuma ukajiandikishe ushonaji. Kichwani nilikuwa nimeshaona cherehani hapa nje, na mimi nimekaa pembeni napokea wateja. Ukarudi jioni, ukavua ndara, ukasema, "Mama, nimeingia uashi."

"Uashi gani?"

"Wa kujenga. Mawe na simiti."

Nilicheka. Halafu nikaona wewe hucheki, nikakasirika. Nikauliza ni nani ataoa msichana wa kubeba zege, na watu wa kanisani watanitazamaje. Nilisema mengi siku ile, na kila nikikumbuka natamani kuvuta shuka juu ya kichwa.

Kwa sababu hebu fikiria. Kwetu ni nani hujenga? Mwanaume wa Kiturkana hata kijiti kimoja hachomeki. Akai, ile nyumba yetu ya matawi na majani ya mkoma, ni kazi ya mwanamke tangu shimo la kwanza mpaka fundo la mwisho. Mama yangu alijenga, mimi nilijenga nikiwa mdogo kuliko wewe. Lakini tulipohamia mjini na nyumba zikawa za simiti, sote tulikubali kwamba sasa kujenga ni kwa wanaume, na hakuna aliyeuliza ni kwa nini. Wewe ndiye uliyeuliza. "Mama," ulisema, "kwani simiti ina ndevu?" Nikakufukuza jikoni.

Baba yako alikuwa na mifugo upande wa Oropoi. Alipopata mtandao akapiga simu, nami nikamshtakia, nikitaka akukemee.

"Amesema anataka kujenga?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na yeye si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Sasa shida iko wapi, Mama Nakiru?"

Simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye mwenyewe.

Basi ukasoma. Ulikuwa unarudi nyumbani na viganja vimekauka, vina mikwaruzo, ukila ugali kwa vidole vinavyonuka simiti. Ukaanza kuzitazama nyumba za watu njiani, ukisimama katikati ya njia kunionyesha ukuta fulani ulivyoinama. Mimi nilikuwa napita pale miaka na miaka na sijawahi kuona umeinama. Sasa kila nikipita naona.

Ukaambiwa kwamba ili uchukuliwe Kakuma kwenye mafunzo kamili, yale ya kulala hukohuko mpaka mtihani wa ufundi, lazima mwalimu aje aone kitu ulichojenga nyumbani kwa mikono yako, na kiwe kimesimama. Ukachagua kunijengea chumba. Mungu akubariki kwa hilo, maana ungeweza kujenga choo tu ukamaliza. Ulianza na ukuta wa mbele, ukaupandisha mpaka usawa wa kichwa changu, kisha chuo kikawaita mkalale hukohuko wiki moja. Ukaniachia kazi moja: kuumwagia maji asubuhi na jioni, ili simiti ikaze.

Jua letu unalijua. Bomba la kioski cha maji likakauka mara tu ulipoondoka, mwenye kioski akasema pampu imekufa. Nikawa naenda mtoni na akina mama wengine, tunachimba mchanga, tunachota kikombe kwa kikombe. Narudi na mtungi mmoja kichwani, nakuta wale mbuzi wawili waliozaa wamesimama mlangoni wananitazama, na watoto wao nao wananitazama. Ukuta ulikuwa hausemi kitu. Tangu nizaliwe sijaona mtu akimwaga maji kwenye ukuta kwa hiari yake. Mama Ekiru, jirani yetu, alikuwa amekuona ukifanya hivyo kabla hujaondoka, akaniuliza kwa upole kama una homa. Nikawapa mbuzi yale maji. Kesho yake nikawapa tena. Nikajiambia simiti ni jiwe, na jiwe halina kiu.

Uliporudi hukuniamkia hata. Ulikwenda moja kwa moja ukutani na mkoba ukiwa mgongoni, ukaokota msumari, ukakwaruza kati ya bloku mbili. Mchanga ukamiminika miguuni mwako. Ukakwaruza mahali pengine, ukamiminika tena.

"Mama, ukuta haujanywa."

"Mbuzi wamekunywa," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Maneno yangu yote yalikuwa tayari, pamoja na lile la nani alikunyonyesha. Ndani nilikuwa naogopa, kwa sababu nilijua mwalimu yuko njiani kuja, na bila ukuta hakuna Kakuma, nafasi yako itachukuliwa na mwingine. Ningekuwa wewe ningelia, au ningewachinja wale mbuzi. Wewe ulikaa chini mahali ninaposukia vikapu, ukachukua jani moja kavu la mkoma, ukalipinda polepole. Likavunjika.

"Mama, ukitaka kusuka unafanya nini kwanza?"

"Naloweka majani."

"Hata mbuzi wakiwa na kiu?"

Niliinuka nikaingia ndani, na ulidhani nimenuna. Sikuwa nimenuna, Nakiru. Nilikuwa nimerudi Kakuma kwa mawazo, kabla hujazaliwa, na kulikuwa na nyumba inaanguka.

Hili hujawahi kulisikia. Nikiwa msichana tulikaa karibu na Kakuma, na kambi ilikuwa bado changa. Nilikuwa nauza kuni kwa wakimbizi. Mmoja wa wateja wangu alikuwa mama kutoka Sudan, mrefu sana, mwenye sauti ndogo, jina lake Nyandeng. Turubai lake lilikuwa limechanika na ndani mlikuwa moto kuliko nje. Siku moja akanishika mkono. "Wewe najua jenga," akasema. "Mimi nataka nyumba kama ya mama yako." Akaniahidi unga na mafuta ya kupikia.

Nikamjengea. Ukiiona ungesema ni akai kabisa, mviringo mzuri, mlango mahali pake. Lakini unajua kwamba matawi hufungwa kwa nyuzi za majani ya mkoma, na nyuzi hizo lazima ziloweshwe kwanza. Maji yalikuwa mbali, na Nyandeng alikuwa mgeni. Siku hizo wakubwa wetu walikuwa na uchungu na wageni kwa sababu ya kuni na malisho, na mimi nilikuwa na umri wa kurudia uchungu wa wakubwa bila kuuelewa. Nikafunga kwa nyuzi kavu. Nikasema moyoni, atalala, hatajua. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi kweli nilipona, unga nikaubeba nikaenda nao nyumbani. Yeye ndiye aliyeangukiwa na nyumba.

Upepo wa Kakuma ulikuja jioni moja, nyuzi zikakatika. Mtoto wake wa kiume akapasuliwa na tawi juu ya jicho. Nilipopita na kuni nikamkuta amefungwa kitambaa. Nyandeng hakunigombeza. Alinionyesha uzi uliokatika, ameulaza kwenye kiganja.

"Hii nakatika," akasema. "Kwa nini nakatika?"

Aliuliza kwa kutaka kujua. Alidhani kuna ufundi ambao yeye hauelewi, na kwamba mimi, mwenye ufundi, nitamweleza.

Nikamwambia ni upepo.

Mwanangu, nimefanya makosa makubwa zaidi ya lile la nyuzi. Lakini lile neno, "ni upepo", limekaa nami miaka yote hii. Nyumba ningeweza kuijenga upya siku ileile. Neno lile lilinifanya nisipite tena upande ule wa kambi, nikawa nazunguka na kuni zangu njia ndefu juani, na kila nikizunguka nilijionea aibu.

Sasa unakwenda hukohuko. Utashika mwiko pamoja na watoto wa watu kama Nyandeng, na pengine siku moja utawajengea. Sikutumi umtafute. Ninachokuomba ni kwamba siku ukijenga nyumba ya mtu ambaye watu wako hawampendi, uloweshe kila kitu vilevile. Na siku ukiharibu, maana utaharibu, usiseme ni upepo.

Nirudi kwa ukuta. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba, na aliyejenga ukuta ni wewe. Asubuhi yake uliamka ukaanza kuubomoa, bloku moja baada ya nyingine, unaigonga kidogo, unaitoa, unaikwangua, unaipanga pembeni. Niliona uso wako wakati unatoa zile za chini, zile ulizozipanga siku ya kwanza ukiwa na furaha, na niliumia sana. Nikakuuliza kama unanichukia.

"Hapana, Mama," ulisema. "Lakini ungenipigia simu, ungeniambia bomba limekauka. Ningekuambia utundike magunia yaliyoloweshwa. Maji kidogo tu yanatosha siku nzima."

Ulisema mara moja, hukurudia tena, hata siku ile tulipogombana kuhusu sufuria. Nami sikuwa nimefikiria kabisa kukupigia simu. Niliona ni aibu kukuambia kazi imenishinda. Hivyo ndivyo nilivyoishi, Nakiru. Kitu kinanilemea, nakibeba kimya, mpaka kinaanguka mbele ya watu. Wewe usichukue hiyo tabia. Chukua macho yangu, watu wanasema ni mazuri. Ukikosa maji huko, sema umekosa maji.

Ukajenga mara ya pili, na ukanifanya mimi kibarua wako. Nilibeba mchanga kutoka kwenye laga, ule mkondo mkavu, ukaushika, ukasema una udongo, rudisha. Mimi, niliyekuzaa! Nikarudisha. Nilikuona ukinyoosha uzi, ukishusha timazi, ule uzito wa kupimia wima, na kuingoja itulie, na midomo yako ilikuwa imekaa kama ya mama yangu alipokuwa akipinda matawi. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umeshika pumzi, na mimi nikashika yangu.

Unamkumbuka yule kijana wa boda boda aliyesimama barabarani kukupigia kelele? "Cheki dem anashika mwiko! Siste, hiyo kazi utaiweza?"

"Kuja ushike hii kamba," ukamwambia bila kugeuka.

Akaja akicheka. Ukamweka kwenye kona, ukamwambia asimame wima na asisogeze mkono. Kila akisogea unamwambia, "Umesogea." Abiria wake alichoka kungoja akaondoka kwa miguu. Alipoachiwa akajikanda bega. "Aki, hii si mchezo," akasema. Sasa akipita hapa hupunguza mwendo, anatazama ukuta, ananisalimu, "Ejok, Mama Fundi." Nakuambia ukweli, jina hilo linanipendeza kuliko Mama Nakiru.

Safari hii niliumwagia ukuta maji. Pampu ilikuwa imetengenezwa, lakini hata isingetengenezwa ningeumwagia. Mbuzi walikunywa kwanza, kisha magunia, kisha sisi.

Mwalimu Majok akaja kutoka Kakuma, yule Msudani Kusini aliyejifunza uashi kambini humohumo na sasa anafundisha. Aliposhuka nilijikuta nimemkodolea macho juu ya jicho, nikimtafuta mtoto wa Nyandeng. Hakuwa na kovu. Nilijiona mjinga, nikaenda kuchemsha chai. Nilirudi nikamkuta ameusukuma ukuta kwa bega, amekwaruza kwa ufunguo na hakuna kilichotoka. Kisha akainama akaona simiti ya zamani iliyobaki kwenye bloku moja.

"Hii ukuta ulijenga mara ngapi?"

"Mara mbili, mwalimu."

"Ile ya kwanza nakufa na nini?"

"Na kiu," ukasema. "Nilienda chuo, nikaiacha kabla kazi haijaisha."

Hukunitazama. Ulisema kana kwamba kosa ni lako kabisa, na nafasi yako yote ilikuwa imeshikwa na jibu hilo. Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni jua, na ni kweli, jua la Lodwar lina makosa mengi.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Maji ya ukuta niliwapa mbuzi."

Alinitazama, akawatazama mbuzi, akacheka mpaka akakaa kwenye zile bloku. "Wallahi mama, hiyo mbuzi yako sasa iko na nguvu ya simiti. Mimi naogopa hiyo mbuzi." Kisha akakugeukia, na hakuwa anacheka tena. "Kakuma, yaani, utabomoa tena. Mara mingi. Iko sawa?"

"Iko sawa, mwalimu."

Hivyo tu, ukawa umechukuliwa. Ulifurahi kwa ajili ya Kakuma. Mimi nilifurahi kwa ajili ya Kakuma na kwa ajili ya jambo langu jingine, ambalo sasa unalijua. Ningejifunza wapi kusema "ni mimi", kama si kwa kukutazama ukitoa zile bloku za chini bila kumlaani mtu?

Kuta nyingine mbili zilifuata, na juzi umemaliza ya nne. Jana walipita vijana wenye ndoo ya gundi, wanabandika picha za wagombea kila mahali, na mmoja alikuwa ameshapaka gundi kwenye brashi. Nikamwambia ukuta huu ni mtoto mchanga, bado unanyonya, aende akabandike kwa Mama Ekiru. Kura yangu nitampigia yule ambaye hatagusa nyumba yangu.

Ukuta huo wa nne unahitaji maji wiki nzima, na wewe unaondoka kesho. Nilikuwa nangoja uniambie. Nilidhani utanikalisha chini, utanikumbusha asubuhi na jioni, utamwomba hata Mama Ekiru anichunge. Ningestahili. Jana jioni ulitundika magunia, ukaweka mtungi chini yake, ukafunika kwa kibao ili mbuzi wasiingize mdomo. Kisha ukaja ukala, ukaniuliza kama kuna chumvi zaidi. Hukusema neno lolote kuhusu ukuta. Nilikaa nalo usiku kucha, nikalia kidogo, na sikutaka ujue. Sasa umejua.

Naona vumbi upande wa mto, nadhani ni wewe unarudi, na paji lako la uso limelowa mate ya bibi yako. Hii barua nitaitia kwenye mkoba wako chini ya timazi, uisome ukifika.

Ila kuna moja nitakuambia kwa mdomo jioni hii, na nitajitahidi nisigombeze. Kesho alfajiri usije kuniaga kitandani, kwa sababu sitakuwepo. Nitakuwa ukutani. Njoo na mtungi wa pili, tuumwagie pamoja, kisha uende.

Mama yako,
kibarua wako wa kwanza